Kifaa cha Kaka Yako Kimesomwa

Nyumba ya kona, nyuma ya karakana
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa wifi yangu,

Pokea salamu zangu. Mgongo wako unaendeleaje? Na shemeji, bado anakoroma kama gari bovu? Mimi nipo. Majirani wanasema nimekonda. Nadhani nimechoka tu. Humu ndani bado napaza sauti, kisha nakumbuka hakuna wa kupaziwa.

Juzi watafiti wa masikio waliniita hospitali, wale waliompandikiza kaka yako kifaa cha kusikia. Sehemu ya ndani tulimzika nayo. Ile ya nje, iliyokuwa ikinata kichwani kwa sumaku, nilikuwa nimeihifadhi kwenye kopo lake la vifungo. Walitaka kuisoma, kwa kuwa huweka kumbukumbu ya saa ilizovaliwa na aina ya sauti zilizoifikia. Niliipeleka shingo upande.

Kabla sijaendelea, nina la kuungama. Siku yake ya mwisho, uliponitumia ile sauti ya kumwomba radhi kwa ugomvi wa cherehani ya marehemu mama, niliisogeza simu karibu naye mpaka ikaisha. Hakujitikisa. Nikatazama kifaa kichwani pake, taa yake ndogo haiwaki. Nikaona nimeusemesha ukuta. Ulipouliza, nikakujibu, “Amekusikia.” Wifi, sikuwa na hakika. Miezi minne neno hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Basi mtaalamu, binti mpole, akafungua kumbukumbu kwenye kompyuta. Nikamwuliza habari ya taa. Akacheka.

“Mama, baba mwenyewe alituomba tuizime. Alisema wateja wanamwona fundi kimulimuli.”

Taa ilizimwa, kifaa hakikuzimwa. Siku ile kilifanya kazi tangu asubuhi mpaka muuguzi alipokivua jioni. Saa tisa alasiri, saa ya ujumbe wako, kimeandika: maneno ya mtu, mahali patulivu.

Na ule utani wake kwangu, “Hotuba ikizidi nakuzima kama redio”? Miaka mitatu, hakukizima mchana hata mara moja. Nililia mbele ya binti wa watu.

Sauti yako ilifika, wifi. Alichojibu moyoni, mashine haiandiki. Kifaa nimewaachia wajifunzie. Kopo nimerudi nalo.

Nisalimie shemeji na wale pacha watundu. Mungu akurudishie usingizi uliosema umekukimbia. Leo na mimi nitajaribu kulala.

Wako akupendaye, na safari hii mkweli,
Wifi yako