Unga wa Mapanki

Jumatatu, 28 Julai 2025

Utomvu wa papai umeniangusha tena. Mapanki ya sangara, mabaki ya kiwanda cha minofu, yamelowekwa kutwa, nyama imeachia mifupa, lakini peptidi ninazozitaka — zile za kushusha presha — kiduchu! Na nilikwenda Izigo alfajiri kuchanja mapapai mabichi, mikono bado inawasha. Kamugisha ananicheka, kimeng'enya changu cha papai eti cha kizamani. Tunagawana maabara, sawa. Asinigawie na mdomo wake.

Jumamosi, 2 Agosti

Imekubali! Jana nilimwachia Kamugisha mapanki nikawahi msibani, leo vipimo viko juu sana. Kasema amerekebisha kidogo. Sikuuliza amerekebisha nini — nilikuwa nacheka peke yangu kama mwehu.

Nimempelekea Mama mkebe mzima wa unga wake, Ijuganyondo. Kauliza kama kawaida yake, humu kuna nini. Samaki na papai, Mama. Hamna kingine. Akakoroga kijiko kwenye uji palepale.

Ijumaa, 8 Agosti

Maonyesho ya Nanenane, Muleba. Asubuhi Mama kapiga simu: presha imeshuka! Mara ya kwanza tangu Baba afariki. Nimelia bandani mbele za watu.

Mchana mgeni mmoja akauliza tunatumia kimeng'enya gani. Nikafungua mdomo niseme papai. Kamugisha akaniwahi: tripsini. Inatoka wapi? Kongosho la nguruwe, akajibu, kama mtu anayetaja saa.

Nikamvuta nyuma ya banda. Hata hakuelewa kosa lake. "Waitu, dada Mastura, ile ni kifaa tu. Inakata protini, tunaichemsha, inakufa. Anachokula mama ni samaki."

Kifaa! Miaka minne tunakula pamoja. Kwenye harusi za kwao yeye ndiye huwaambia wapishi dada huyu msimletee kitimoto. Sahani yangu anailinda. Hakuwaza kabisa kwamba na chupa ya maabara inaweza kuwa sahani. Angekuwa na roho mbaya ningejua pa kumchukia.

Jumamosi, 9 Agosti

Kamugisha kapiga. Kaomba radhi, kwa dhati, nadhani. Halafu akanishauri nisimwambie Mama. Presha imetulia, kwa nini nimshtue? Mama hakujua, hana dhambi.

Nimemkatia simu. Nina hasira. Usiku kucha nilikuwa najiambia maneno hayohayo.

Jumapili, 10 Agosti

Ijuganyondo, kwa Mama. Nimekuja na ule unga wa kwanza, uliotengenezwa kwa utomvu wa papai, usiosaidia kitu. Nilipanga kubadilisha kimyakimya jikoni. Mwanasayansi mzima, nimekuja kuiba mkebe wa mama yangu!

Nimechelewa. Mkebe uko mezani, uji umeshamiminwa, vikombe vitatu. Bi Siti yupo, jirani anayefundisha watoto madrasa. Naye ana presha, Mama kamwita aonje. Nikasema nabadilisha nguo kwanza, nakuja.

Sibadilishi kitu. Nimekaa kitandani naandika. Nikisema, Mama atauacha unga leo hii, na presha yake je? Nisiposema —

Bi Siti kauliza kama ni halali, siku hizi wanachanganya mambo. Mama kacheka. "Kunywa, Siti. Huu si wa dukani. Kautengeneza Mastura."

Sasa ananiita, eti uji unapoa, hawawezi kuanza bila mimi.