Onja Kwanza

Bagira, tarehe 3 Oktoba 2023

Mwanangu Placide,

Nakusalimu kwa jina la Yesu na Maria. Uko muzima huko Minova? Wanafunzi wako wanakusikiliza? Sisi huku tuko, ila tumbo langu limeanza kunikatakata, na ndiyo maana nakuandikia badala ya kupiga simu. Simu ya nyumba anaishika bibi yako Élodie, na jambo lenyewe linamhusu yeye. Barua nampa dereva Jean-Baptiste. Ukishaisoma, ichane.

Ulimuoa Januari ukaniachia yeye na nyumba, nami sikuwa na neno. Lakini miaka ishirini na miwili nilikuwa sentinelle, nimelinda mageti ya watu wakubwa na ya mapadri, jicho langu halijazoea kulala. Nyuma ya choo ameficha bidon ya plastiki, ameifunika kwa jiwe. Ndani kuna majani yanayooza. Ananunua tumbaku, na katika nyumba hii hakuna anayevuta. Juzi nilimkuta anatwanga, amejifunga kitambaa puani. Majani yale niliyatambua, Placide! Ni yale tuliyokuwa tunatwanga tukiwa vijana, tunayatia mtoni, na samaki wanaelea tumbo juu.

Nilimuuliza. Akanijibu: "Papa, hii ni dawa ya shu. Inafukuzaka vidudu. Bamaman ya parokia ndio walitufundisha."

Vidudu gani? Hizo shu, kabichi zetu, hazina hata kiwavi kimoja tangu nizinyunyizie ule unga mweupe nilioununua kwa muuzaji wa njiani. Nilinyunyiza kimya kimya, ili siku moja nimwonyeshe kwamba na muzee anajua bustani. Sasa kama vidudu vimekwisha, dawa yake ni ya nani?

Unakumbuka tonton wako Edouard, ndugu yangu, jinsi glasi moja tu yenye sumu ilivyommaliza. Kwetu anayekupa kinywaji anaonja kwanza, na hakuna anayekasirika. Basi nimemwambia aonje na chakula. Kila sahani, mbele ya macho yangu.

Papa yako,
Murhula


Minova, tarehe 8 Oktoba 2023

Papa mpendwa,

Jambo Papa, pole sana na tumbo. Mimi niko muzima, isipokuwa mafua ya hapa na pale. Mvua ya huku imekuja na matope yake.

Barua yako ilinichekesha, halafu nikaacha kucheka. Nilipokuja Agosti, Élodie aliniwekea sahani, kisha akaiondoa haraka akaniletea nyingine. Sikumuuliza. Sasa swali hilo halinitoki kichwani. Na unajua kwamba kwao, katika kijiji cha Miti, hawakunitaka. Mama yake alisema wazi kwamba mwalimu hana kitu.

Sitaki kuamini, Papa. Ni mke wangu na ninampenda. Lakini usimwambie kwamba ninajua. Endelea kumuonjesha, na uangalie hiyo bidon anaimwaga wapi.

Mtoto wako,
Placide


Bagira, tarehe 15 Oktoba 2023

Mwanangu Placide,

Salamu nyingi. Za afya usiniulize. Usiku na mchana niko njiani kwenda choo.

Nimeona. Jumanne asubuhi nilijibanza nyuma ya ukuta kama zamani kazini. Alichota kwenye bidon kwa kikombe, akachanganya na maji na sabuni, akamwagia kabichi. Kabichi zetu! Hatii kwenye sahani, mjanja huyu, anatia shambani kabisa. Nilichuma majani ya nje nikampa yule kuku mwekundu. Saa sita kuku alikuwa amekufa, miguu imenyooka.

Nikamwita jirani Marie-Louise awe shahidi. Nikaitoa bidon, nikaimwaga yote barabarani, watu wakasimama. Élodie hakulia. Alisema tu: "Papa, kama ni sumu, mbona mimi ndio nakulaka wa kwanza kila siku?"

Nikamjibu: "Basi kula tuone."

Alipika kabichi ile ile, akaketi mbele yetu, akamaliza sahani nzima peke yake. Kesho yake alitapika mpaka akashindwa kusimama. Hadi leo yuko chini, mate yanamtoka, mikono inatetemeka. Sumu yake imemrudia. Njoo umchukue, mimi nimefanya kazi yangu.

Papa yako,
Murhula


Minova, tarehe 17 Oktoba 2023

Papa,

Leo sina salamu. Uliniambia niichane barua yako ya kwanza. Sikuichana, na sasa nimeisoma mara tatu. Ule unga mweupe ni unga gani? Karatasi yake iliandikwa nini? Uliunyunyiza lini mara ya mwisho?

Mpeleke Élodie kwenye kituo cha afya sasa hivi, hata kwa kubebwa mgongoni, na uende na huo unga. Mimi nitakuja Jumamosi.

Placide


Bagira, tarehe 6 Novemba 2023

Mwanangu Placide,

Nakusalimu. Jumamosi tatu zimepita na hukuja. Nadhani ninajua kwa nini, maana mimi pia nilizunguka siku nyingi kwa aibu kabla ya kwenda Miti.

Karatasi haikuandikwa kitu. Infirmier, muuguzi wa kituo cha afya, aliifungua, akanusa, akaisukuma mbali. Alisema: "Papa, hii wanatiaka kwenye maharagwe ya mbegu. Haiko ya kula." Nilikuwa nimeiongeza Jumatatu, siku moja kabla ya kuku kufa. Tumbo langu ni mimi. Kuku ni mimi. Na mimi nilikuwa ninakula kile kile nilichomlazimisha yeye kumeza kwanza.

Alilala pale siku tano, na sasa ni mzima, Mungu asifiwe. Dawa yake ni majani, tumbaku, pilipili na sabuni; jua likiipiga siku chache inakwisha nguvu, na yeye alikuwa anasubiri wiki nzima kabla ya kuchuma. Yote yako kwenye daftari lake la parokia. Kinachoniuma zaidi ni kwamba alipoona viwavi vimekwisha alifurahi sana, akidhani ni kazi ya mikono yake. Na mimi nilinyamaza.

Alirudi kwao bila kunitukana. Nimeng'oa kabichi zote nikazifukia. Jana nilikwenda Miti kumwomba msamaha. Mama yake hakunisalimu. Élodie alileta ugali na sombe ya majani ya muhogo, akaweka mbele yangu. Halafu, bila mtu kumwambia, akamega, akachovya, akala, akaniangalia mpaka alipomeza. Ndipo akanisogezea sahani. Nililia kama mtoto, Placide, nikiwa na miaka sabini na moja.

Aliniuliza swali moja tu: kama wewe ulijua. Sikuweza kudanganya tena. Barua yako ya tarehe 8 ilikuwa mfukoni, nikampa. Alisoma mahali pa ile sahani ya Agosti mara mbili. Akasema: "Kulikuwa na nzi ndani." Akaikunja barua, akaiweka kwenye daftari lake.

Kwa hiyo usiniandikie mimi tena. Na usimpe Jean-Baptiste kitu. Panda gari, ushuke Miti. Wakikupa chakula, kula kabla mtu hajaonja.

Papa yako,
Murhula