Jina Analolijua Mama Mdogo

Jumamosi, Koboko. Mvua ilianza alfajiri, kisha ikachoka yenyewe. Bati bado linadondosha matone. Nimekaa mlangoni na simu ya Mama, mawazo yangu yakiwa mbali kabisa na mwili.

Nilirudi likizo kutoka shuleni Arua na kazi niliyojipa mwenyewe: kumtafuta mama mdogo Keji. Aliolewa upande wa Kongo kabla sijazaliwa. Namba yake ilikufa zamani, na siku hizi Mama hamtaji, isipokuwa akiwa anapika.

Tuna picha yao moja tu: wasichana wawili mbele ya mihogo iliyoanikwa, kule kwao Lurujo. Wiki iliyopita niliiweka mtandaoni. Mwalimu alitufundisha kwamba picha isiyo na maneno ya kuitafutia ni kama kitabu kilichotupwa tu katika maktaba kubwa. Basi nikaandika: Koboko, familia, kumbukumbu. Kabla sijamaliza, simu ikauzungushia mstari uso wa mama mdogo na kuniuliza kama huyo ni mimi.

Niliutazama uso ule muda mrefu.

Nikajibu hapana, ingawa nusu yangu ilitaka kusema ndiyo. Kwenye uso wa pili niliandika jina ambalo Koboko nzima humwitia Mama: Mama Ester.

Siku zikapita kimya. Nilipoligusa lile neno “familia”, zilimwagika harusi za watu nisiowajua, kama kumbikumbi baada ya mvua. Picha yetu sikuiona.

Juzi nikamwonyesha Mama. Alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

“We msomi! Mama Ester ni nani? Keji hajui hiyo mutu. Yeye aliacha mimi Kiden tu. Na hiyo familia yako, nani hapa hana familia?”

Sikuwahi kuwaza hivyo. Jina la Mama lilizaliwa siku niliyozaliwa mimi. Dada yake, kama anamtafuta, anamtafuta msichana ambaye bado si mama wa mtu.

Nikafuta yote. Nikaandika: Kiden, Keji, Lurujo. Mama akaniambia niongeze jina la kisima chao, halafu akageukia sufuria yake.

Leo asubuhi nimekuta maneno chini ya picha, kutoka kwa mtu asiyeonyesha uso wake: “Kiden iko hai? Na wewe unaweka hii, wewe ni nani?”

Huenda si yeye. Najiambia hivyo, lakini tayari nimeanza kujibu.

Niliandika, “Mimi ni Ester,” nikafuta. Kwake jina hilo si kitu. Unajitambulishaje kwa mtu mwenye uso wako, ambaye hajui kwamba upo?

Mwishowe nimeandika: “Mimi ni mtoto wa Kiden. Yuko sokoni. Usiondoke, mama mdogo, nakimbia kumwita.”