Mvua Niliyoiweka Mwenyewe

Dada yangu,

Huku tunasukuma siku. Wateja wa redio wamepungua, kwa hiyo dukani narusha ile ndege yangu isiyo na injini kwenye mchezo wa kompyuta. Hali ya hewa inaingia yenyewe kutoka mtandaoni, ya kweli, ya saa ileile.

Juzi uliposema mvua imekufungia safari, nilienda kuruka juu ya mji wenu. Jua lilikuwa kali, na hewa ya moto ikanipandisha juu mpaka nikaona aibu kwa niaba yako.

Mara mama huyo, na kikombe chake. "Huko kwa dada yako bado inanyesha?" Nikawahi kuzima hali ya hewa ya kweli, nikaweka mvua kwa mkono. Akaitazama weee. "Basi asihangaike, mwanangu. Daktari atasubiri."

Daktari amesema hasubiri kupita mwezi huu, na mama hataki kupasuliwa kabla hujafika.

Sasa kila akija naweka mvua. Tatizo, kwenye mvua hakuna hewa ya kupandia, ndege inashuka tu. Jana akauliza, "Hii itafika kweli?"

Nikamjibu, "Mvua ikikatika, mama."

Ikate wewe, dada.

Mdogo wako, fundi redio