Zote Ulizisokota Wewe

Mama Neema,

Nimerudi jana kutoka Ibaba, kwenye mashindano ya mishale. Bega limevimba, ugali nimekula kwa jirani, na sasa nimekaa kwenye kigoda chako nje ya jiko. Miaka yote tukitoka mashindanoni nilikuwa nakuuliza wewe kwanza, "Umeonaje?" Leo sina wa kumuuliza. Basi acha nikusimulie mimi.

Jana kule ukungu ulikuwa umelala bondeni, jua halionekani, na nyasi zimelowa kama zimenyeshewa. Nilipouona nikacheka peke yangu. Wenzangu wa Isansa wakanitazama, wakadhani uzee umeniingia kichwani. Nilikuwa nakumbuka ule mwaka tulionuniana.

Mpaka wakati ule upote wa upinde ulikuwa wa kano tu. Ng'ombe akichinjwa popote, kano za mgongo wanakuletea wewe. Unazianika, unazipondaponda, unazichambua nyuzi nyuzi, unazilowesha, kisha unazisokota pajani na kuzipaka nta ya nyuki. Ukikauka upote wako ukiuvuta kwa kidole unalia. Wapiga mishale wote wa Isansa walipita mlangoni kwetu, nami nikitembea kifua mbele, kana kwamba niliyesokota ni mimi.

Halafu mkwe wetu Asheri akaja na lile bunda la nailoni ya buluu kutoka Tunduma, uzi wa kusukia nyavu, bidhaa ya ng'ambo ya mpaka. Vijana walikuwa wameshaanza kuutumia, na mishale yao ilikwenda mbali. Mimi nikasema nailoni ni ya kufungia mbuzi. Wewe uliuchukua. Uliuviringisha vidoleni, ukaunusa, ukausokota, halafu ukauning'iniza kwenye boriti na jiwe la kusagia likining'inia chini yake, ili umalize kunyooka kwake kabla haujafika kwenye upinde. Nani alikufundisha hilo? Sikuwahi kukuuliza. Najuta kwamba sikukuuliza.

Tukaenda Ibaba, na ukungu ukawa kama huu wa jana. Kano ikanywa maji, ikalegea. Mshale wangu wa kwanza ukaanguka karibu mno, hata mbwa aliyelala mbele pale hakuamka. Watu wakacheka. Nikakuona unanyanyuka kutoka upande wa wanawake, unafungua pindo la kanga, unanipa upote wa buluu. Nikakuambia mbele za watu, "Rudisha hiyo." Ukaukunja, ukarudi kukaa.

Kwenye lori la Fuso hatukusemezana njia nzima. Tulipofika nyumbani ukaniwekea maji ya kunawa, ukaniuliza taratibu:

"Baba Neema, ule wa kano nani aliusokota?"

"Wewe."

"Na huu?"

"Wewe."

"Sasa umekataa kamba, au umenikataa mimi?"

Nikanawa mikono, nikala, nikalala. Asubuhi nikaufunga ule wa buluu kwenye upinde, nawe ukajifanya huoni.

Baadaye ndipo nilipoelewa ulichokuwa umeshakijua. Kipupwe kikikauka huku Isansa, kano inasukuma mshale kwa hasira ambayo nailoni haina. Kwenye umande, nailoni haitikisiki. Ulikuwa unasema tu, "Kila moja na siku yake," na kuendelea kuchambua kahawa.

Mke wangu, homa ilikuchukua upesi mno masika yale. Mpaka leo nikisikia mvua ya usiku, mkono unanyooka kukutafuta. Ngoja nisiandike hayo.

Baada ya arobaini, ugomvi wa nyuzi ukazuka tena, safari hii kati ya wazee na vijana wa vijiji vyote viwili. Wazee wakataka nailoni ipigwe marufuku, eti ni kitu cha kuja. Vijana wakasema basi kano ndiyo ikatazwe, nani siku hizi ana muda wa kuichambua? Ikafika mahali Ibaba wanasema watafanya mashindano yao, Isansa nao yao. Uwanja ule tuliorithi kwa baba zetu ungebaki malisho. Wakaja kukaa hapa kwetu kuamua, maana mwaka huu wenyeji wa kikao tulikuwa sisi.

Unanijua, mimi si msemaji. Lakini walipoanza kunyanyuka kwa hasira nikawasimulia yale maswali yako matatu, kama ulivyoyauliza. Wakacheka, kisha wakakaa tena. Mzee Yotamu, ambaye ndiye aliyeshikilia kano kuliko wote, akasema, "Kumbe tunagombania uzi, mkono uliousokota tumeusahau." Wakakubaliana: upote wowote unaruhusiwa, alimradi umesokotwa kwa mkono na mtu wa kwetu, usiwe wa kununuliwa ukiwa tayari.

Halafu Mzee Yotamu akaniuliza, "Na nani atasokota, naye hayupo?"

Nikasema, "Nitajaribu."

Mama Neema, nimeteseka! Wa kwanza ulikatika ukanichapa kifundo cha mkono. Wa pili Neema aliuangalia akasema, "Baba, hii ni kamba ya kuanikia nguo." Paja langu limenyonyoka nywele. Lakini vidole vinajifunza, hata vya mzee. Kabla ya mashindano kijana mmoja wa Ibaba, Lwitiko, alikuja kuniomba upote, nikampa wa nailoni, mzuri kuliko wangu mwenyewe.

Jana nikavuta mpaka bega likalia. Mshale ukaenda, ukaenda, watu wakapiga vigelegele. Nikajua nimeshinda. Ndipo Lwitiko akavuta. Ukungu ulikuwa unaanza kupanda, tukauona mshale wake ukipita juu ya wangu bila hata kuinama. Amenishinda kwa upote niliousokota mimi.

Alinijia mbio, akanipigia magoti pale kwenye umande, akasema, "Asante, baba." Nami nikageuka upande wa wanawake kukutafuta. Wanawake wakanitazama, wakainamisha vichwa.

Upinde nimempa Asheri. Nimemaliza kuvuta. Mwakani nikijaliwa nitakwenda Ibaba, lakini nitakaa huko ulikokuwa unakaa wewe, kati ya mama zetu, nikiwasokotea vijana kano na nailoni pajani. Kwanza watanicheka. Nakuahidi sitaondoka pale.

Lala salama, mke wangu.

Baba Neema