Nilikataa Bei ya Kwanza, Sasa Mama Yangu Hana Paa

Shikamoo Bi Mwanahawa. Naomba unisaidie kabla mvua haijaanza, mpendwa mshauri, maana nimefika mahali ambapo hata rafiki zangu nawakwepa, na safu yako naisoma kila wiki kwa sababu gazeti nauza mwenyewe hapa kwenye steshenari yangu ya Rahaleo, ninapotoa fotokopi na kuwajazia watu maombi ya mtandaoni, ila sikuwahi kufikiri ipo siku nitakuandikia mimi.

Nimezaliwa Mahurunga, kule karibu na mto Ruvuma, na mama yangu bado anaishi huko peke yake tangu baba afariki. Miaka ile ya gesi, mji wetu ulipojaa wageni na kila mtu akawa anasema Mtwara itakuwa Ulaya, wenzangu wenye fedha walinunua viwanja, na mimi ambaye fedha ya kiwanja sikuwa nayo nikanunua majina, yaani majina ya tovuti, wenyewe wanaita domeni, ile anwani unayoiandika kwenye simu ili ukurasa wa kampuni fulani ufunguke, na kila jina unalilipia ada ndogo kila mwaka na likishakuwa lako hakuna mwingine anayeweza kulitumia mpaka umuuzie au uache kulilipia. Mengine niliyaachia gesi ilipopoa, nikabaki na moja tu lenye neno Ruvuma na neno la utalii, silitaji hapa nisije nikajiharibia zaidi, nikawa nalilipia mwaka hadi mwaka huku watu wakinicheka kwamba nalipia hewa.

Basi mwezi wa nane mwaka huu nikapata barua pepe kutoka kwa mtu wa Dar es Salaam anayeitwa Emmanueli, kampuni yao inataka kujenga kambi ya watalii huku kwetu karibu na mto unapoingia baharini, akasema wamelipenda jina langu na wako tayari kunipa milioni tatu. Bi Mwanahawa, nilitaka kujibu ndiyo palepale, lakini kwetu jambo kubwa la mali halipiti bila mjomba, na mjomba wangu Rajabu ndiye aliyenishika mkono baada ya baba kuondoka, tena amekaa miaka mingi kwenye bodi ya chama cha msingi cha korosho, kwa hiyo nikapanda gari nikaenda Mahurunga kumweleza.

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho akacheka. "Ukinkubalia ntu bei ya kwanza ameshakuona huna akili," akasema. "Mnada wa kwanza wanatupima tu. Tunakataa, wanarudi na bei ya maana. Umesahau?" Sikuwa nimesahau, maana nimekulia kwenye minada hiyo, nimeona wakulima wakisomewa bei za wanunuzi, wakinyoosha mikono na kupiga kelele "Hatuuzi!" na mara nyingi kweli bei inapanda. Akaniambia niandike hivyohivyo, na mimi mtu mzima nikaandika neno moja: Hatuuzi.

Emmanueli akajibu vizuri tu, "Sawa ndugu yangu, wewe unataka kiasi gani?" Nikampigia mjomba, mjomba akasema, "Nkulima hataji bei. Bei anaandika mnunuzi, sisi tunakubali au tunakataa." Nikajibu kwamba bei ataje yeye. Siku zikapita bila barua yake, nikaona labda nimchochee kidogo, nikamwandikia kwamba kuna makampuni mengine mawili yanalitaka jina, na hayo makampuni hayapo, Bi Mwanahawa, niliyatunga nikiwa nimekaa hapahapa kwenye kiti changu. Akajibu mstari mmoja: "Basi wauzie hao, nakutakia kila la heri."

Na hapa ndipo penye kidonda. Wakati mimi nasubiri, mjomba alikuwa ameshautangazia ukoo mzima kwamba mnada wa pili unakuja, na fedha zikiingia kitu cha kwanza ni bati kwa dada yake, yaani mama yangu, na ili mafundi wasije kupoteza siku, akapeleka watu wakalivua paa la zamani la makuti, wakang'oa na miti iliyoliwa na mchwa, vyote vikachomwa. Mimi napigiwa simu, kazi imeshaisha. Nyumba ya mama sasa ni kuta tupu. Analala jikoni kwa jirani yake Bi Somoe, pamoja na kuku, na makopa yake, mihogo mikavu ya akiba, ameyafunika kwa turubai lenye matundu.

Mwanzoni mwa mwezi huu Emmanueli akaandika tena, kwamba wameshasajili jina lingine na mabango wameshachapisha, ila kama bado nauza watanipa laki nne, na mwisho wa kujibu ni mwisho wa mwezi. Laki nne haziezeki nyumba, bati tu hazitoshi, hapo mbao bado, misumari bado, fundi bado.

Hilo ningelivumilia. Nisiloliweza ni kwamba hakuna anayeniamini. Korosho ikikosa mnunuzi magunia yanaonekana ghalani, mtu anakwenda anayagusa, lakini jina langu nitamgusisha nani? Nilimwonyesha mama kwenye simu, akaitazama, akaigeuza nyuma, akaniuliza, "Sasa hilo jina lenyewe liko wapi, mwanangu? Nipe nilishike." Mjomba anasema milioni tatu zilitajwa mbele yake, haziwezi kugeuka laki nne isipokuwa nimeuza kwa siri na nyingine nimezila, na anayasema hayo barazani watu wakitoka msikitini, hata nilipokwenda Ijumaa iliyopita salamu yangu ilijibiwa kwa shingo upande. Jioni mama akanivuta pembeni akaninong'oneza, "Kama umezila, niambie mimi tu. Nitanyamaza."

Tangu siku ile usingizi sina. Nikipokea laki nne watasema ndiyo hizo, nyingine ameficha. Nikikataa nitakosa hata hizo, na mawingu yameshaanza kukaa upande wa mto. Kuna wakati nafikiria kufunga duka nivuke niende Msumbiji, nisionekane tena. Nimechoka, Bi Mwanahawa, sina pa kushika. Nipokee au nikatae?

Mimi mwana wa Mahurunga,
Rahaleo, Mtwara

BI MWANAHAWA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimekuonea huruma na nimekukasirikia, na sijui kipi kilitangulia.

Unaniuliza upokee laki nne au ukatae. Hilo ni swali la pili. La kwanza ni kwamba mama yako analala na kuku na wewe uko Rahaleo unaangalia simu. Barua yako imenifikia na huku kwetu Ufukoni manyunyu yameshaanguka mara mbili. Nani alikwambia nyumba ile ni ya bati au ikae wazi? Nimeisoma barua yako yote nikitafuta mahali mama alipoomba bati, sijapaona. Bati aliziahidi mjomba wako, kwa fedha ambazo hakuna aliyezishika. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, na nyinyi mbachao hamkuuacha tu, mmeuchoma moto!

Kwa hiyo funga hiyo steshenari siku chache. Gazeti langu watu watalinunua kwingine. Tafuta makuti yaliyosukwa, tafuta miti na kamba, na wale waliobomoa waambie kwa adabu kwamba waliojua njia ya kupanda juu ya nyumba ile kuvua wanaijua pia ya kupanda kuezeka. Fedha yake itatoka kwenye fotokopi zako, si kwa Emmanueli. Paa la mama lisingoje tena mnunuzi.

Sasa tuje kwenye hilo jina. Mjomba wako ni mtu wa korosho na kwenye korosho simgusi. Lakini mnadani wanunuzi ni wengi, wanaogopana wenyewe kwa wenyewe, na korosho mliyoikataa leo kuna mtu bado anaitaka wiki ijayo. Wewe ulikuwa na mnunuzi mmoja tu duniani. Ukimkataa, hakuna wa nyuma yake kwenye foleni, na yeye majina mengine anaweza kuyapata kwa ada hiyohiyo ndogo uliyolipa wewe. Mtu huyo alikuuliza kwa heshima unataka kiasi gani, na hapo ndipo mlango ulikuwa wazi kabisa. Ungesema milioni tano, yeye angevuta chini, wewe ungevuta juu, mngekutana mahali na mama angelala chini ya bati. Ukamwambia bei ataje yeye! Alikuwa ameshaitaja, mwanangu. Ndiyo uliyoikataa.

Na ule uongo wa makampuni mawili sitaki hata kuusemea sana. Nimemuuliza mtu anayefanya biashara hiyo ya majina, akaniambia kila mnunuzi ameshausikia mara mia, na wengi wakiusikia wanaondoka.

Fanya hivi. Leo hii hakikisha ada ya mwaka ya hilo jina imelipwa, maana ukiliacha likaisha muda, Emmanueli atalichukua bila kukupa hata senti. Halafu mwandikie ujumbe mmoja, mfupi. Muombe radhi kwa lile Hatuuzi lako, mwambie hayo makampuni mengine hayapo, na hapo hutakuwa umesema uongo mwingine. Mtajie laki nane. Mtu aliyekwisha kupata jina lingine akarudi kukuandikia, bado kuna kitu kinamwasha, labda anaogopa mshindani wake asilichukue. Akisema sita, pokea. Akisimama palepale kwenye nne, pokea nne kabla mwezi haujaisha na useme asante. Usimtajie mama, usimtajie paa, usimlilie. Akijua una shida, laki nne itakuwa mbili.

Tena usimpe ile namba ya siri ya kuhamishia jina kabla fedha haijakaa salama. Yeye naye hatataka kutuma fedha kabla ya kupata jina, kwa hiyo tafuteni wakili au hiyo kampuni iliyokusajilia, ashike fedha katikati mpaka jina lihame. Na ujiandae kwamba anaweza asijibu kabisa. Ikiwa hivyo, ile biashara ilikufa mwezi wa nane na hakuna wa kuifufua, si mimi wala si mjomba wako.

Unaogopa kwamba ukipokea laki nne watasema nyingine umeficha. Mwanangu, wanasema sasa hivi na mfukoni huna kitu. Wewe ni mtu wa steshenari, una mashine. Chapa barua pepe zote kuanzia ya kwanza, na uongo wako usiuruke, ukazisome kwa sauti mbele ya mjomba, mama, Bi Somoe na imamu wenu. Ukifika kwenye neno Hatuuzi, soma polepole, kisha mgeukie mjomba umuulize kwa heshima yake yote ni nani aliyeliagiza. Usimtukane. Yeye anakuita mwizi kwa sababu ukiwa si mwizi, basi aliyemvua dada yake paa ni yeye, na mtu mzima hilo halimezi kirahisi.

Habari ya Msumbiji iondoe kichwani. Ukivuka mto huo umekiri, na mama yako ataishi na hilo kila siku hapo kijijini huku wewe hupo. Kama mawazo ya kupotea yanakuzidi, usikae nayo peke yako dukani, mwite rafiki mmoja kati ya hao unaowakwepa umwambie, hata leo.

La mwisho ni mama. Aliposema umwambie yeye tu atanyamaza, nililia, na mimi silii ovyo kwenye barua za watu. Yule mama ameshakubali moyoni kwamba mwanawe kamuibia, na ameamua kukupenda hivyohivyo. Hilo ndilo linalokukosesha usingizi, si milioni tatu. Na siwezi kukudanganya kwamba barua pepe zikisomwa atakuelewa. Huenda hatazielewa. Huenda akaenda kaburini anajua ulizila.

Nenda Mahurunga. Usimpigie simu, nenda mwenyewe, panda juu ya nyumba ufunge makuti kwa mikono yako, ukishuka umwambie, "Mama, sikuzila." Asipokuamini, kesho yake panda tena uendelee kuezeka.