Sabina Amepewa Ruhusa

Jumatano, jioni

Basi nimempa. Kwa shingo upande, lakini nimempa.

Sabina ni mwalimu wa shule mjini Laela ambaye sijawahi kumwona kwa macho. Tangu mwaka jana anatuma masahihisho ya kamusi yetu ya Kifipa, ile programu huria niliyoianzisha ili yeyote aweze kuchangia, na kila sahihisho lazima lingoje mimi nilipitishe. Wiki hii yalilundikana. Leo mchana akanipigia.

"Dada, nimechoka kubisha hodi. Kama huniamini, niambie nikafanye mambo mengine."

Niliona aibu. Ukweli ni kwamba naogopa. Mtu akishakuwa na ruhusa ya kubadilisha moja kwa moja, anaweza kuvuruga kazi yangu ya miaka kwa dakika moja. Lakini nikiendelea kumbania, nitabaki peke yangu na kamusi yangu. Nikafungua kompyuta, nikampa ruhusa yote.

Haikupita saa moja, akafuta neno langu! Nililiingiza mwenyewe, tena kwa mbwembwe. Sababu aliyoandika: "Hili halipo."

Nikampigia mama, aliyeko nyumbani Kasense, nikiwa nimevimba kwa hasira. Akacheka mpaka akakohoa. "Hilo neno mlilibuni wenyewe, wewe na kaka yako, mkiwa wadogo."

Loo.

Nikamwandikia Sabina kumshukuru. Jibu likaja papo hapo: "Karibu, dada. Yapo mengine kumi na moja ya namna hiyo. Niendelee?"

Nikamjibu ruhusa anayo, asiniulize tena.